Kwanini maziwa ya akina mama wa Aktiki yalikutwa na sumu wakati hawana viwanda? Jibu kwa nesi wa Geita

Msomaji mmoja, nesi wa kliniki ya mama na mtoto huko Geita, ameniuliza hivi kwa ufupi: kasoma kwamba akina mama wa Kiinuit, wale wanaoishi Aktiki, kaskazini kabisa ya dunia kwenye barafu, maziwa yao ya kunyonyesha yalikutwa na kemikali za viwandani nyingi kuliko hata ya akina mama wa mijini. Anataka kujua kama ni kweli, na kama ni kweli hizo kemikali zilifikaje sehemu isiyo na kiwanda wala shamba, na je hao akina mama waliambiwa waache kunyonyesha.

Dada, ni kweli kabisa, na hapana, hawakuambiwa waache. Ila hapo katikati kuna mambo mengi, twende taratibu. Mimi ni mkemia wa mazingira, kazi yangu ni kupima mabaki ya viuatilifu na metali kwenye udongo na samaki, na hii habari ya Aktiki ndo ilinifungua macho kwamba tunachokifanya huku kwetu hakiishii huku. Na wewe kwa kuwa uko Geita inakuhusu kuliko unavyodhani, nitafika huko.

Miaka ya 1980 kulikuwa na daktari wa afya ya jamii huko Quebec nchini Kanada anaitwa Éric Dewailly, alikuwa anachunguza PCB kwenye maziwa ya akina mama wa kusini mwa lile jimbo, kwenye miji na viwanda. PCB ni mafuta ya viwandani, Marekani walianza kuyatengeneza kibiashara 1929, yakawekwa kwenye transfoma, kapasita, rangi, gundi, na dunia nzima ilitengeneza zaidi ya tani milioni 1 kabla nchi hazijaanza kupiga marufuku. Viwanda viliyapenda kwa sababu hayashiki moto kirahisi na hayaharibiki, na hiyo hiyo sifa ya kutoharibika ndo ikaja kuwa balaa. Sasa Dewailly alihitaji kundi la kulinganishia, yaani watu safi wasioishi karibu na uchafu wowote, na kupitia mkunga mmoja aliyekuwa anafanya kazi kaskazini wakapata sampuli za maziwa kutoka Nunavik, hiyo ni sehemu ya kaskazini ya Quebec, vijiji 14 vya Wainuit pembeni ya bahari, hakuna barabara ya kuviunganisha na kusini mpaka upande ndege.

Kupima maziwa hakuhitaji mengi kuelewa. Unachukua kiasi kidogo kwenye chupa ya kioo iliyooshwa kwa kemikali, plastiki hairuhusiwi maana inachafua sampuli, unayatoa mafuta yote yaliyomo kwenye maziwa, unayasafisha kwa asidi kali ambayo inakula mafuta yenyewe lakini PCB inabaki haijaguswa (hapo tu unapata picha ya ugumu wake), halafu kinachobaki unakiingiza kwenye mashine inayotenganisha kemikali moja moja na kila moja inatokea kwenye skrini kama kilima. Kilima kirefu, kemikali nyingi. Sampuli za Nunavik zilitoa vilima virefu kiasi kwamba mwanzo walidhani zimechafuka njiani. Wakarudia. Majibu yakawa yale yale, na yalipochapishwa 1989 yalionyesha PCB kwenye maziwa ya akina mama wa Kiinuit ni kama mara 5 ya akina mama wa kusini mwa Quebec. Wale waliochaguliwa wawe kipimo cha usafi ndo wakakutwa na mzigo mkubwa kuliko wote.

Mtu wa kwanza kushukiwa alikuwa jeshi, na lazima niseme haikuwa shaka ya kijinga. Miaka ya 1950 Marekani na Kanada zilijenga mstari wa vituo vya rada kukatiza Aktiki kutoka Alaska mpaka upande wa Greenland, kuangalia ndege za Wasovieti, na vituo hivyo vilipofungwa viliachwa na transfoma zake, mapipa na rangi zenye PCB, vikivuja kwenye udongo. Watafiti wakaenda kupima udongo na mimea kuanzia kwenye kituo wakiongezeka umbali, wakakuta uchafu upo kweli na ni mwingi pale pale kituoni, ila ukienda kilomita kadhaa unapungua sana. Kwahiyo vilikuwa vinaharibu mazingira ya jirani, na vilistahili kusafishwa na vingi vimesafishwa, lakini havikuweza kueleza kwanini nyangumi na dubu wa Aktiki nzima, mpaka Svalbard kule Norwei, walikuwa na PCB, DDT, toxaphene na dawa nyingine za kuua wadudu mashambani.

Toxaphene kwa mfano ilikuwa dawa ya pamba, ilitumika sana kusini mwa Marekani, na huku kwetu wazee wa majosho wataikumbuka maana ng'ombe waliogeshwa nayo kuua kupe. Hakuna pamba inayolimwa Nunavik na hakuna josho.

Jibu ni hewa. Kemikali hizi ni za aina ambayo kwenye joto zinapanda kidogo kidogo kuwa mvuke, kwenye baridi zinatua. Ni kama mvuke wa chungu unaopanda ukikutana na mfuniko wa baridi unageuka matone. Sasa weka dunia yote badala ya chungu: shamba limepuliziwa dawa sehemu ya joto, jua linaipandisha, upepo unaibeba, usiku au msimu wa baridi inatua sehemu fulani, jua likirudi inapanda tena, inaruka tena, na kila mruko ukielekea kaskazini uwezekano wa kupanda tena unapungua kwa sababu kunazidi kuwa baridi, mpaka inafika sehemu ambayo haipandi tena. Wataalamu wawili wa Toronto, Frank Wania na Donald Mackay, waliandika maelezo ya hili vizuri mwaka 1993, na walionyesha kitu ambacho mimi nakipenda sana, kwamba kemikali zinajipanga zenyewe kwa uzito wake, nyepesi zinafika mbali kabisa mpaka ncha, nzito nzito zinabaki njiani au zinasafiri kwa kushikilia vumbi. Huko Aktiki zikishatua haziozi haraka, maana vijidudu vya kuzila vinafanya kazi polepole kwenye baridi na jua lenyewe miezi kadhaa kwa mwaka halipo. DDT kwenye udongo wa joto kama wa Morogoro inapotea haraka zaidi, kule inaweza kukaa miongo.

Ushahidi uliowashawishi wengi kwamba maelezo haya ni sahihi ni wa HCH, dawa ya wadudu iliyotumika kwa wingi mno Asia. China ilisimamisha matumizi ya ile mchanganyiko wa kawaida 1983 na India 1990, na HCH kwenye hewa ya Aktiki ikashuka karibu palepale kufuata hatua hizo mbili. Yaani mkulima wa India anabadilisha dawa na kipimo kwenye barafu kinaona! Na mwaka 2000 Barry Commoner na wenzake wakafanya kazi nyingine kubwa ya kufuatilia dioksini, sumu inayotokea taka zikichomwa, inayoanguka Nunavut (hii ni sehemu nyingine ya kaskazini mwa Kanada, sio Nunavik), wakairudisha nyuma kwa hesabu za upepo mpaka kwenye mabomba ya moshi ilikotoka, sehemu kubwa ikawa inatoka Marekani, kwenye tanuri za kuchoma taka na viwanda vya chuma maelfu ya kilomita kusini.

Haya, imefika kwenye theluji na bahari. Lakini maji ya Aktiki ukiyapima yana kiasi kidogo mno cha kemikali hizi. Tatizo ni mafuta. Kemikali hizi hazipendi maji, zinapenda mafuta, na viumbe vya bahari ya baridi vinaishi kwa mafuta. Mimea midogo ya bahari inazinyonya, wadudu wadogo wanaila, samaki wanakula wadudu, sili, mnyama wa baharini, anakula samaki, dubu wa barafu anakula sili hasa lile tabaka la mafuta chini ya ngozi, na kila ngazi mlaji anakula kilo nyingi za yule wa chini yake, mafuta yanatumika au yanahifadhiwa lakini sumu haitoki, inajikusanya. Nyangumi mweupe wa kule, anaitwa beluga, anaishi miongo mingi akiwa juu ya ngazi. Na kuna jambo ambalo wewe kama nesi litakugusa, beluga dume huwa na PCB nyingi kuliko jike aliyezaa, kwa sababu jike akinyonyesha anaitoa sumu kwa mtoto wake. Mtoto wa kwanza ndo anapokea mzigo mkubwa. Kwa binadamu ni hivyo hivyo.

Na juu ya dubu na sili na beluga, anakaa Muinuit. Ukiingia nyumba ya Nunavik siku mwindaji amerudi na sili utakuta makaratasi ya maboksi yametandikwa sakafuni, nyama mbichi imewekwa katikati, familia na majirani wamekaa kuizunguka kila mtu anajikatia, akina mama wanatumia ulu, kisu cha nusu duara kama mwezi mchanga. Ngozi ya beluga na mafuta yake, wanaiita mattaq, inakatwa vipande vidogo inaliwa mbichi, na ina vitamini C, ndo iliyowaokoa na kiseyeye karne na karne sehemu ambayo hakuna mchungwa. Ina mafuta mazuri ya omega 3, nyama ina chuma na selenium. Sasa fikiria umekulia hapo halafu mtu wa maabara anakuja kukuambia chakula hiki hiki kina sumu, na maziwa yako pia.

Hapa ndo swali lako la tatu linapoingia. Akina mama waliogopa sana, na ilikuwa haki yao kuogopa. Baadhi yao walifikiria kuhamia maziwa ya kopo. Wataalamu wa afya wa kule walikaa wakapima pande zote: maziwa ya kopo ni ghali, maji na chupa ni kazi nyingine, kinga ya mtoto inashuka, na kilichoonekana kwenye tafiti ni kwamba madhara makubwa yanatokea mtoto akiwa bado tumboni, kupitia damu ya mama, kwahiyo kumkatisha ziwa baada ya kuzaliwa hakuondoi yale yaliyokwishapita. Ushauri ukawa endeleeni kunyonyesha, na hadi leo ndo huo. Naomba uuseme kwa sauti kwenye kliniki yako mtu akikuuliza kuhusu sumu na maziwa ya mama, kwa sababu habari za namna hii zikifika nusu zinaweza kumfanya mama akamnyima mtoto ziwa bure.

Sio kwamba hakukuwa na madhara. Nunavik watoto waliopata mzigo mkubwa wakiwa tumboni walionekana kuugua zaidi maambukizi, hasa ya masikio. Visiwa vya Faroe, ambako watu wanakula nyama na mafuta ya nyangumi, madaktari Pál Weihe na Philippe Grandjean walifuatilia watoto zaidi ya 1,000 waliozaliwa 1986 na 1987, walipofika miaka 7 wakakuta waliopata zebaki nyingi tumboni (metali yenye sumu ambayo nayo inafika kule kwa hewa, nitaieleza mbele) walikuwa nyuma kidogo kwenye lugha, umakini na kumbukumbu. Hawakuwa wagonjwa, ukiwaona huoni kitu, ila ukipima kundi zima unaona limesukumwa nyuma. Mwaka 2008 madaktari wakuu wa Faroe wakatangaza kwamba nyangumi sio tena chakula salama kwa binadamu. Kwa watu ambao nyangumi ni utamaduni wao hilo ni tamko zito mno.

Nunavik hawakufika huko na mimi naona walifanya la busara zaidi, walichambua chakula kimoja kimoja. PCB inakaa kwenye mafuta, ila zebaki inashika protini, inakaa kwenye nyama. Wakakuta nyama ya beluga iliyokaushwa ndo ina zebaki nyingi kuliko vyote kwa kuwa kukausha kunaondoa maji tu zebaki inabaki, wakati mattaq ina kidogo kuliko hiyo nyama. Basi mwaka 2011 ushauri ukatoka kwamba wanawake wa umri wa kuzaa wapunguze nyama ya beluga, mattaq na vingine waendelee, na kukawa na mpango wa kuwapa wajawazito samaki aina ya char bure, samaki wa kule mwenye mafuta mazuri na zebaki kidogo. Ukiwaambia watu tu waache chakula chao wanaenda dukani, na dukani kule kila kitu kimekuja kwa ndege au meli ya kiangazi, bei haishikiki, kinachonunulika ni soda na chipsi za pakiti, na kisukari kinaingia. Ushauri wa afya usiosema mtu ale nini badala yake haujakamilika, hili hata kwetu lipo.

Sasa nije Nairobi, maana hapa ndipo habari ya barafu inapokutana na ya mbu.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi zilikuwa zinajadiliana mkataba wa dunia wa kufuta hizi kemikali, na kikao cha pili kilifanyika Nairobi Januari 1999, makao ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa. Kati ya waliokuja alikuwepo Sheila Watt-Cloutier, mama wa Kiinuit kutoka Kuujjuaq, Nunavik, aliyekulia kusafiri kwa mbwa wa kuvuta sleji, wakati huo akiongoza Baraza la Wainuit upande wa Kanada. Alileta sanamu ya jiwe ya mama wa Kiinuit na mtoto wake akamkabidhi Klaus Töpfer, mkuu wa shirika lile, na Töpfer akampa mwenyekiti wa majadiliano John Buccini, akawa anaiweka mezani mbele yake vikao vyote vilivyofuata. Watu wanaojadili vifungu na vipimo wakawa wanamwangalia huyo mama wa jiwe.

Lakini kulikuwa na kitu kigumu. DDT ilikuwa kwenye orodha, na nchi za Afrika zilikuwa zinasema, na zilikuwa sahihi, kwamba malaria inaua watoto wetu na DDT ikipuliziwa kwenye kuta inaua mbu kwa bei rahisi na inadumu miezi. Ungetegemea Wainuit waseme ifutwe leo leo, maana ilikuwa kwenye miili yao. Hawakusema hivyo. Msimamo wao ulikuwa kwamba hawawezi kukubali mkataba unaomlinda mama wa Aktiki kwa kumwacha mama wa Afrika azike mtoto, na kwamba dunia itafute njia ambayo hakuna kati ya hao wawili anayelazimika kuchagua. Mimi kila nikifika hapa nasimama kidogo. Watu waliokuwa na haki yote ya kukasirika walikuja mpaka mji wetu wakawatetea watoto wetu.

Ndivyo mkataba ulivyotoka. Ulipitishwa Stockholm Mei 2001, ukaanza kazi 2004, ukianza na kemikali 12, zikiwemo PCB, toxaphene, DDT na dioksini, na utangulizi wake unataja wazi Aktiki na jamii za asili za kule kwamba wako hatarini zaidi na kwamba kuchafuka kwa vyakula vyao ni suala la afya ya umma. DDT ikapewa nafasi ya pekee, marufuku shambani, ruksa kwa dawa ukoko, yaani ya kupulizia kuta, ya kupambana na wadudu waenezao magonjwa mpaka ipatikane mbadala wa bei nafuu. Tanzania, Kenya na Uganda zote ni wanachama. Haimaanishi ubishi uliisha, 2008 Uganda ilipopulizia DDT kwenye nyumba za wilaya za Apac na Oyam wakulima wa pamba ya kilimo hai walilalamika kwamba wanunuzi wa Ulaya watawakimbia, na mambo yakafika mahakamani.

Ilisaidia? Ndiyo, na hili lisemwe maana tumezoea habari mbaya tu za mazingira. Akina mama wajawazito wa Nunavik wamekuwa wakipimwa tangu 1992, na PCB pamoja na DDT kwenye damu yao vimeshuka sana sana. Sehemu ya hiyo ni kwamba vijana wanakula chakula cha asili kidogo kuliko wazazi wao, lakini hata kwenye hewa na kwa wanyama wenyewe vimeshuka, vituo vya kupima hewa kama Alert kule Nunavut na Zeppelin kule Svalbard vinaonyesha. Kinachopanda sasa ni kundi jipya, kemikali za PFAS, zile za sufuria zisizoshika chakula, nguo zisizopitisha maji na povu la kuzimia moto, hizo zinashika protini za damu na watu wa Nunavik wana baadhi yake kwa wingi kuliko Wakanada wengine. Na barafu inayoyeyuka inarudisha ya zamani. Upande wa pili wa dunia, Antaktika, DDT iligunduliwa kwenye pengwini miaka ya 1960, na mwaka 2008 watafiti wakaonyesha kwamba pengwini wale aina ya Adélie bado wana DDT isiyoshuka, na wakaeleza kuwa barafu ya milimani iliyoihifadhi miongo yote sasa inaiachia na maji.

Kwetu yamebaki machache ya kuyafanya na yanafahamika. Kuna stoo za zamani za viuatilifu, ile ya Vikuge mkoani Pwani inajulikana zaidi, dawa zilizokuja kama msaada miaka ya 1980 zikiwa zimepita muda, banda likabomoka mvua ikapiga juu yake, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipopima udongo wakakuta DDT na HCH kwa viwango ambavyo ni kama dawa yenyewe imechanganywa na mchanga kidogo. Dawa ikikaa wazi hivyo, kila siku ya jua kidogo inapanda hewani. Halafu transfoma za zamani, mafuta yake yanaibiwa watu wakakaangie chakula au wapake vidonda, hayo yakiwa ya zamani yanaweza kuwa na PCB, tafadhali mkatazeni yeyote.

Lakini kikubwa ni zebaki, na ndo maana nimesema Geita. Wachimbaji wadogo wa dhahabu duniani ndo chanzo namba moja cha zebaki inayotolewa na binadamu hewani, wamepita hata makaa ya mawe. Unaijua hii kazi wewe kuliko mimi: mawe yanasagwa kwenye karasha, mchanga unapitishwa mwaloni (pale pa kuuchuja kwa maji), zebaki inamwagwa ikamatishe dhahabu, inakamuliwa kwenye kitambaa kwa mkono mtupu, kinabaki kidonge cha rangi ya fedha, kinawekwa kwenye kibati juu ya mkaa. Dakika chache fedha inageuka njano. Ile zebaki haijaisha, imepanda, na mvuke wake unakaa angani miezi mpaka kama mwaka kabla haujatua, muda wa kutosha kuizunguka dunia. Huko Alert mwaka 1995 watafiti waliona jambo la ajabu, jua linapochomoza baada ya usiku mrefu wa baridi zebaki ya hewani inapotea ghafla karibu yote, kumbe kemikali zinazotokana na chumvi ya bahari zikipigwa na jua zinaibadilisha na inaanguka kwenye theluji. Theluji inayeyuka, bakteria wanaigeuza kuwa ile aina inayopanda ngazi ya chakula, na siku moja ipo kwenye nyama iliyokaushwa ya beluga kwenye sahani ya mjamzito wa Nunavik. Siwezi kusema chembe fulani imetoka Geita, hewa imeshachanganya ya Geita, ya Migori kule Kenya, ya Amazon na ya makaa ya mawe ya Asia, ila tumo.

Kuna Mkataba wa Minamata wa 2013 kuhusu zebaki, na wenyewe unaitaja Aktiki na jamii zake kwenye utangulizi, Tanzania nayo ni mwanachama. Lakini kliniki yako haisubiri mkataba. Kitu cha kwanza mama anatakiwa kusikia ni kwamba hatari kubwa kwa Geita ni ule mvuke wakati wa kuchoma, tafiti zilizopima samaki wa Ziwa Victoria kwenye maeneo ya dhahabu zilikuta zebaki kidogo, kwahiyo usiwatishe kuhusu sangara na dagaa, waendelee kuwala. Mvuke ndo unaingia kwenye mapafu, unapita kwenye damu, unafika kwenye ubongo na unavuka kondo la nyuma mpaka kwa mtoto. Kidonge kisichomwe ndani ya nyumba wala jikoni, na kisichomwe kwenye sufuria inayorudi kupikia ugali, nimeona hilo kwa macho yangu. Mjamzito na mtoto wasiwe karibu kabisa, hata kama yeye hachomi bali kakaa tu kuuza chai pale pale, na nguo za mchomaji zifuliwe peke yake. Kuna kifaa cha kuchomea kilichofungwa, retoti, kinaushika mvuke unarudi kuwa zebaki ya kutumia tena, mafundi wa kuchomelea wanaweza kukitengeneza kwa mabomba ya chuma, na ukimwambia mchimbaji kwamba zebaki yake anairudisha mfukoni badala ya kuipeleka hewani anakusikiliza haraka kuliko ukimhubiria afya. Ila kifunguliwe kikishapoa kabisa na sehemu ya wazi, kikifunguliwa cha moto kinatoa mvuke wote kwa mkupuo usoni.

Na ukipata mama mwenye mikono inayotetemeka, fizi zinazouma, usingizi umepotea na hasira zisizo za kawaida, muulize anafanya kazi gani na mume wake anachomea wapi, kabla ya kumwandikia dawa ya presha.